Bunduki ya Baba na Kanga wa Msusi

Jumatatu, 4 Agosti

Baba ametangaza. Jumamosi familia nzima tunakwenda kuwinda kwenye dimbwi letu la zamani, lile alikokuwa akitupeleka tangu tukiwa watoto, na atakayempatia windo la kwanza siku hiyo ndiye atakayerithi bunduki. Goti limemgomea, jicho la kulia nalo linaona ukungu. Anasema bunduki haifai kuzeekea kabatini.

Mrithi ni mimi. Nani mwingine? Kifungua mimba, wa kiume, tena fundi friji mwenye kibanda chake na kibao chake barabarani. Kinachonikera ni shemeji, mume wa dada yangu mdogo. Ana bucha sokoni, anashinda na visu, basi anajiona mwindaji. Mtu hajawahi kukutana na mnyama mzima, wote humfikia robo robo.

Niseme kweli, hapa nipo peke yangu. Shabaha sina. Kitu pekee nilichowahi kukipiga pale dimbwini ni kibuyu cha maji cha Baba, na nilikuwa nimelenga kwale. Lakini bunduki ile naitaka. Anayeishika hukaa ubavuni mwa Baba, husikilizwa, hushikwa bega. Wengine hubeba madumu ya maji. Nimebeba maji tangu sijaota ndevu, na sasa zimeingia mvi. Imetosha.

Baba ameshatoa kopo lake la risasi, lile la maziwa ya unga. Akifika dimbwini hulitikisa kuamsha bahati. Kabla hajalitikisa, haruhusiwi mtu hata kukohoa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefunga kibanda mapema, nikapanda pikipiki kwenda kukagua uwanja wa vita.

Hakuna dimbwi. Narudia: hakuna dimbwi. Pale kwale na swala walipokuwa wakinywa maji, wamesimama wanaume wenye udongo hadi magotini, wanafyatua matofali. Kuna tanuri linafuka moshi. Kuna redio. Yamebaki matete kidogo upande mmoja, nayo yamechoka. Nilitafuta hata kinyesi cha sungura sikukiona. Nikakaa juu ya matofali na kuona uchungu kwelikweli. Mahali hapa Baba hupasimulia kama mtu anayesimulia harusi yake.

Akiona haya atavunjika moyo. Tena pasipo na windo hapana mrithi. Nikamfuata msimamizi wao, nikamwomba Jumamosi wazime redio na wajibanze nyuma ya tanuri. Akauliza ni kwa ajili ya nani. Nikamwambia ni mzee mmoja mwenye bunduki na kopo. Alicheka hadi akashika kiuno, akakubali bila kudai chochote. Mtu mwepesi wa kucheka, nikamwonea huruma.

Mke wangu anasema nimweleze Baba ukweli yaishe, njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba mimi nina pikipiki.

Jumatano, 6 Agosti

Shemeji kapiga simu asubuhi, sauti ya mgonjwa. Friji lake kubwa la bucha limezima. Nije haraka, tafadhali, kaka. Akiwa na shida mimi ni kaka.

Kompresa ilikuwa nzima, waya tu ulikuwa umeliwa na panya. Kazi ndogo, lakini nilivuta muda na kuguna mara kwa mara ili aone utaalamu. Ajabu ni kwamba hakuniacha hata kidogo. Nilipotaka kuinua mfuko wa maini ulioko chini kabisa ili nipitishe mkono, aliurukia, akasema hapo nisiguse, ni oda ya mteja mkubwa. Nikamwacha na mteja wake.

Wakati nakusanya vifaa akaniuliza, mbele ya wateja wake, kama Jumamosi nitabeba dumu moja la maji au mawili. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha alipogeuka kupima nyama, nikakizungusha kile kitufe cha baridi hadi mwisho wake, nikakibana kwa njiti ya kibiriti. Acha auze nyama kwa shoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Akili hizi sijui nimezirithi kwa nani.

Msusi wa mtaa wa nyuma anafuga kanga, wale ndege wenye madoadoa, uani mwa saluni yake. Kanga yule yule anayekaa porini, tofauti ni anwani tu. Nikiwapeleka sita kule kwenye matete, Jumamosi Baba atawakuta wakizunguka kama zamani. Atafurahi. Mimi nitakuwa najua walipo, nitafyatua karibu karibu, mmoja hatakosa kuanguka. Furaha kwa mzee, bunduki kwangu, na shemeji abebe madumu.

Msusi hakutaka kuuza. Anawapenda kama watoto. Nikamwambia friji lake linalovuja nitalitengeneza bure, ndipo akalainika. Akatoka uani na mkebe wa mahindi, akautikisa, na kanga wote wakamjia mbio kutoka kila pembe, mmoja hata akamrukia begani. Nilivutiwa sana na nidhamu ile. Sita wakaingia kwenye boksi bila vurugu.

Nimewahifadhi kibandani ndani ya friji bovu lisilo na mlango. Fundi cherehani wa kibanda cha pili amekuja kuuliza ni mashine gani inalia vile. Nikamwambia ni kompresa ya kizamani. Akaniambia kompresa yangu imemdonoa mteja wake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimewapeleka jioni. Mafundi matofali walikuwa wameshaondoka. Nikafungua boksi kwenye matete, nikasogea pembeni kwa heshima, nikingoja wakimbilie uhuru wao.

Hawakutoka. Nikalipindua boksi. Wakatoka, wakanizunguka, wakaniangalia. Nikatembea, wakanifuata. Nikakimbia, wakakimbia. Ilibidi niwatishe: nikapiga magoti, nikanguruma kama simba. Mmoja akanipanda mgongoni. Mwishowe niliwamwagia mahindi nikatoroka wakiwa wameinamisha vichwa. Suruali imeharibika magotini. Mke wangu ameuliza, nikajitia hamnazo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimejikaza kisabuni ili niandike.

Tuliondoka kwa gari la bucha. Dada yangu akiendesha, Baba mbele na bunduki yake na kibali chake mfukoni, mimi na shemeji nyuma na madumu. Shemeji alikuwa na kikapu kimefunikwa kanzu kuukuu. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni vitafunio. Kila mara alikuwa akikipapasa kile kikapu, uso umemjaa wasiwasi, na kukisogeza juani.

Tulipofika kulikuwa kimya kama tulivyopatana. Redio imezimwa, hakuna mtu. Moshi wa tanuri nikamwambia Baba ni ukungu. Akasema naam, ukungu, unanuka udongo vizuri. Akateremka, akanyoosha goti, akashusha pumzi, akalitoa kopo lake. Sote tukanyamaza. Akalitikisa.

Matete yakatikisika. Wakatoka wote sita, shingo mbele, mabawa wazi, mbio moja hadi miguuni pa Baba. Wakasimama pale wakiliangalia kopo. Baba akalitikisa tena, taratibu, kama mtu anayejaribu dawa. Wakasogea zaidi, wakaanza kumdonoa kamba za viatu.

Nikamnong'oneza, piga, Baba, wapo karibu. Akasema huku si kuwinda, huku ni kuua wageni. Dada yangu, ambaye husukwa pale saluni, akainama akamtazama mmoja, akauliza kama huyu siye yule anayemdonoa vidole vya miguu kila akienda kusuka. Akamwita kwa jina lake la utani, Bibi Kizaazaa. Ndege akamwendea. Nikaangalia mbali, kama mtu aliyesikia simu ikiita.

Shemeji hakucheka. Nikashangaa, maana hiyo ilikuwa bahati yake ya kunicheka mwaka mzima. Badala yake alipotelea nyuma ya matofali, tukasikia kishindo, akarudi akihema na sungura mkononi. Sungura mzima, na manyoya yake. Akasema amemkamata kwa mikono mitupu. Baba akampokea kwa miguu ya nyuma, na yule sungura akabaki amenyooka wima hewani. Masikio hayakunjiki. Baba akamgonga kwenye ubavu wa gari, sungura akalia kama mlango unaobishwa. Akasema masikini, huyu amekufa kwa baridi, na jua lote hili.

Shemeji akanitazama. Nami nikamtazama. Akaniuliza, pole pole, nililifanya nini lile friji. Nikaanza kuhesabu madumu.

Hapo Baba ndipo alipoanza. Kwanza mabega, kisha tumbo, kisha ikabidi dada amshike. Tangu Mama atutoke sijamwona Baba akicheka hivyo. Machozi yalimtoka. Na kabla sijajua nicheke au nilie, yule msimamizi akachungulia nyuma ya tanuri akaita, Mzee, karibu, kiti chako kipo mahali pake. Wakatoka wote, wakawasha redio. Kulikuwa na kiti cha matofali, kimejengwa kwa ajili yake, hata pa kuegemeza goti pamewekwa.

Kumbe Baba anajua. Dimbwi lilikauka zamani, na dada ndiye aliyemwambia siku ileile aliyoliona. Kila mwezi humleta hapa kwa gari la bucha, mzee akakaa, akanywa chai na mafundi, akawasimulia swala walikuwa wakipita wapi. Nilipokuwa nikimficha asilione tanuri, yeye alikuwa akimficha mwanawe asijue kwamba anajua. Alitaka tu tuje sote.

Baba akakaa kwenye kiti chake. Akasema windo hajaliona, mmoja kamletea mifugo, mwingine kamletea barafu. Kisha akampa dada bunduki. Akasema, "Hawa huniletea vitu. Huyu hunileta mimi."

Niliumia. Siwezi kudanganya, niliumia kweli, kwa sababu nilimtazama dada akishikwa bega na nikaona ni haki. Shemeji naye kainama. Tukachukua madumu, kila mtu lake, tukaenda kuwagawia mafundi maji. Njiani tulikwenda hatua sawa.

Jumapili, 10 Agosti

Msusi amekataa kuwapokea kanga. Anasema wamerudi na tabia mbaya. Wako uani kwetu, mke wangu ameanza kuwapenda, na kila akiosha vyombo wanamjia mbio.

Tumekula mchana kwa Baba. Dada ameleta bunduki imepakwa mafuta, inang'aa. Alisimulia habari za jana, na jinsi mimi nilivyonguruma kama simba, sijui nani alimwambia. Mafundi matofali, nadhani, hawakuwa wameondoka wote. Nilicheka pamoja nao. Nimeapa moyoni: ujanja basi. Mtu na awe mkweli, afanye kazi yake, ampende baba yake. Nimejisikia mwepesi sana, nimelala mchana bila hata kuota.

Jumanne, 12 Agosti

Baba amepiga simu. Anasema safari ya Jumamosi imemfufua, sasa ametamani kule kwenye kona ya mto tulikokuwa tukivua. Twende sote. Na kwa kuwa macho hayaoni tena ndoana, mshipi wake wa kuvulia utakwenda kwa atakayemvulia samaki wa kwanza.

Nilifikiri kwa utulivu, kama mtu aliyebadilika. Nikakumbuka kwamba ndege ana masikio, ndiyo maana aliniangusha. Samaki hana masikio. Nikafunga kibanda, nikaenda moja kwa moja kwa mama muuza samaki, nikamuuliza kwa siri kama anaweza kunipatia kambale walio hai, wa kukaa kwenye ndoo.

Akasema wapo, lakini wote wameshawekewa oda asubuhi na mwenye bucha.

Nimeagiza wakubwa zaidi.