Udi wa Mwisho wa Bibi

Leo nimeaibika mbele ya Kariakoo nzima.

Nipo kwa mama, nyumba ile ile ya bibi, sasa imebanwa na maghorofa pande zote. Kesho nasafiri kupeleka fuwele zangu kwenye maabara yenye mashine ya kuzipoza. Kwa mnaoniuliza kila siku nasomea nini: fuwele hizi zina molekuli za kaboni na salfa, na ukizipoza sana, umeme unapita bila kizuizi chochote. Ndani yake kuna molekuli nyingine ndogo, mwenza. Kazi yangu ni kumbadilisha huyo mwenza, nione kama fuwele itahitaji baridi kali zaidi au kidogo. Mwaka mzima nabadilisha wenza. (Kwenye fuwele tu, msinielewe vibaya.)

Asubuhi kichupa cha fuwele kikapata ufa. Kutafuta cha kuziwekea, nikakuta kabatini kikopo cha udi cha bibi, kitupu. Nikakinusa. Machozi yakanilenga. Alhamisi jioni bibi alikuwa akifukiza vyumba vyote, nasi wajukuu tunamfuata nyuma na kukohoa kwa raha. Nimemkumbuka jamani. Nikazifunga fuwele kwenye karatasi, nikazitia humo, nikaenda kuoga.

Kwetu msafiri haondoki nguo zake hazijafukizwa. Mama akakiona kikopo. Ndani ya karatasi, vipande vyeusi kama udi. Akavimwaga vyote kwenye chetezo.

Nina povu kichwani, nikasikia harufu ya mayai viza na mpira unaoungua. Kisha sauti ya Mama Hitesh, jirani mwenye duka la vitambaa: "Mama Salma, mtungi wako wa gesi unavuja! Tokeni nje!"

Nikatoka na kanga moja. Mtaa mzima umesimama, wachuuzi wameshakumbatia bidhaa zao tayari kukimbia.

"Shikamoo, Mama Hitesh," nikasema. (Adabu kwanza.) "Siyo gesi. Ni masomo yangu."

"Marahaba. Masomo gani yananuka hivi?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamgeukia mama, nimefura. Alikuwa ameshika chetezo, kanyong'onyea.

"Nilidhani ni udi wa mwisho wa mama yangu," akasema. "Nikasema mwanangu aende na harufu yake."

Hasira ikaniisha pale pale. Nikamkumbatia hivyo hivyo, na povu langu.

Kesho nasafiri kwenda kupoza fuwele ambazo mama keshazichoma. Asicheke mtu.