Kufuli la Mzee Hilali na Hesabu Zangu

Jumatatu, 3 Juni 1974. Kasulu.

Bahati imeniita kwa jina. Naandika haraka kabla shangazi Esteri hajaniita kuchambua maharage.

Ni hivi. Mzee Hilali, mwenye duka kubwa karibu na soko, ameshindwa kufungua sanduku lake mwenyewe. Sanduku la chuma, la marehemu baba yake, lilitoka Pangani. Kufuli lake halina ufunguo. Lina pete nne, na kila pete ina namba kuanzia sifuri mpaka tisa. Ukizipanga namba zako sawasawa, linafunguka. Ukikosea hata moja, limenuna. Na mzee amesahau mpangilio! Ndani mna leseni ya duka jipya analotaka kufungua Kibondo. Afisa biashara anakuja kuiona Jumatatu ijayo. Asipoiona, hakuna duka Kibondo.

Kulivunja hataki. Ni urithi. Bora avunjwe mtu, anasema.

Ametangaza: atakayelifungua bila kuliumiza ndiye atakuwa karani wake Kibondo.

Karani! Mimi, Bazilio! Tangu ushirika wa Makere waniondoe kwa kupima maharage kwa jicho, sijakalia kiti chenye mgongo. (Jicho langu halikuwa na kosa. Mizani yao ndiyo mbovu.)

Nimemwambia mzee kwamba nimesomea namba. Sikusema nilifika darasa la ngapi. Hakuuliza.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata habari nzuri. Mzee anazikumbuka namba zenyewe, hakumbuki nafasi zake tu. Ni idadi ya watoto wa kila nyumba katika ukoo wao. Yeye ana wawili. Dada yake wa Tabora ana wanne. Kaka yake wa Ujiji ana saba. Kaka mwingine, Abbasi wa Pangani, ana tisa. Mbili, nne, saba, tisa. Hakuna iliyojirudia.

Nikahesabu kichwani: namba nne, nafasi nne, nne mara nne, kumi na sita. Kazi ya asubuhi moja!

Lakini kazi ya asubuhi moja hulipwa chai ya asubuhi moja. Kwa hiyo nikakunja uso, nikamwambia mzee kwamba mipangilio ni mia mbili hamsini na sita, na kichwa kinachofanya hesabu za namna hiyo hakiwezi kwenda na njaa. Akaagiza nile kwake mchana na jioni mpaka kazi iishe. Mchana: wali na migebuka, samaki wetu wa ziwani, kwa nazi. Jioni: wali ule ule, migebuka mingine. Shangazi amesikia, ameshukuru Mungu kwa sauti.

Nimekaa barazani na sanduku mbele yangu. Nazungusha pete polepole, nafumba macho, nanong'ona. Watu wanapita wakinyata. Reverien, yule Mrundi aliyekuja mwaka sabini na mbili na sasa anatengeneza baiskeli jirani na duka, ameniuliza kama naumwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimemaliza kumi na sita zangu. Halikufunguka! Nikarudia. Likanuna vilevile.

Mbaya zaidi, binti yake mzee, Kuruthumu, yuko nyumbani likizo. Anafundisha darasa la tano. Aliokota karatasi yangu, akaisoma huku akikuna shavu. Akasema, kwa upole wa kukera, kwamba mbili-nne-saba-tisa nimeiandika mara tatu, na mahali pengine nimerudia saba mara mbili katika namba moja, ilhali baba yake ana ndugu mmoja tu Ujiji.

Nikamwambia hiyo ni mbinu.

Akaleta sinia na punje nne za maharage: nyekundu, nyeupe, ya njano na ya madoadoa. "Kaka Bazilio, hebu tazama. Nafasi ya kwanza unaweza kuweka punje ngapi?"

Nne, nikasema.

"Ukishaweka moja, haiwezi kukaa mahali pengine tena. Zimebaki ngapi?"

Tatu. Halafu mbili. Halafu moja.

Nikajumlisha upesi ili nimwahi: kumi! Akacheka mpaka akashika ukuta. Hazijumlishwi, akasema. Kila punje ya kwanza inakuja na tatu zake za pili, na kila moja ya hizo inakuja na mbili zake. Nne mara tatu, kumi na mbili. Mara mbili, ishirini na nne. Mara moja, ni ile ile ishirini na nne. Basi.

Mzee Hilali alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Akaniuliza mia mbili hamsini na sita zimekwenda wapi. Nikamwambia nimezipunguza kwa bidii.

Chakula cha jioni kimepungua. Ugali na dagaa.

Alhamisi, 6 Juni

Baridi kali asubuhi. Pete za kufuli zinauma vidole.

Kuruthumu ameniandikia orodha safi ya zote ishirini na nne, sita kwa kila namba ya mwanzo. Nikaanza na mbili. Sita, hakuna. Nikaja nne. Sita, hakuna. Saba. Hakuna!

Nikaweka tisa kwenye pete ya kwanza. Mzee akakohoa.

"Hizo ziache," akasema. "Tisa ni Abbasi. Mimi na Abbasi hatujasemezana miaka sita. Nimtangulize yeye kwenye sanduku la baba? Mimi?"

Walikosana kwenye urithi. Sanduku lilikuja kwa Hilali, shamba la minazi likabaki kwa Abbasi, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyependelewa.

Kuruthumu akasema, baba, zimebaki hizo sita tu. Mzee akasema neno lake ni hilo. Binti akanitazama mimi. Alitaka nimuunge mkono, nilimwona.

Lakini nani ataniajiri, binti au baba? Nikaondoa kidole kwenye tisa. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba mzee anajua moyo wake, na kwamba kwa maoni yangu kufuli limeingia kutu. Mzee akaniita kijana mwenye adabu. Jioni migebuka imerudi!

Lakini sanduku bado limefungwa. Na zimebaki siku nne tu kufika Jumatatu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata akili. Pengine hii ndiyo akili yangu kubwa kuliko zote.

Reverien ana msumeno wa chuma. Nilimwendea asubuhi, nikamweleza: mzee akienda msikitini kuswali Ijumaa, tukate kile chuma kilichopinda juu ya kufuli, tukianzia upande wa nyuma ambao hauonekani. Kisha mimi naweka namba yoyote, navuta, nalia "Ee Mungu wangu!", na kazi imekwisha. Yeye nitamfanya msaidizi wangu Kibondo. Reverien alifuta mikono yenye grisi. Akauliza kama Kibondo kuna baiskeli nyingi. Nikamwambia kule hata kuku wanapanda. Akasema "ego", yaani ndiyo kwa lugha yao, lakini akaongeza kwamba moyo wake hautaki.

Mzee akaondoka na kanzu yake nyeupe. Reverien akaanza kukata. Kelele! Msumeno ulilia kama mbuzi. Nikaona lazima nizifunike. Nikaanza kuimba. Wimbo pekee ninaoujua wote ni wa Ekaristi. Nikauimba kwa nguvu zangu zote, beti zote, kwenye baraza la Mwislamu, saa ya swala ya Ijumaa.

Ubeti wa tatu, Kuruthumu akatokea. Wakati huo huo msumeno ukakatika, kipande kikaruka na kuingia kwenye gunia la chumvi. Kufuli halikupata hata jeraha, mkwaruzo tu.

Binti alitutazama kwa zamu. Kisha mzee akarudi, na majirani wanne waliokuja kuuliza nani amebatizwa.

Mzee akauliza kulikoni. Mimi nikawahi: tulikuwa tunasugua kutu. Akamgeukia Reverien. Reverien akavua kofia yake na kusema wazi: "Mzee, nilikuwa nakata kufuli lako. Nimekosa. Nisamehe."

Mjinga gani huyu! Uongo ulikuwa tayari, nimeshautandika, alichotakiwa ni kulala tu!

Mzee alikaa kwenye kiti. Hakupiga kelele. Ndipo Kuruthumu akachuchumaa mbele ya sanduku bila kuomba ruhusa. Akaweka tisa mwanzo. Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Tisa-mbili-nne-saba. Hapana. Tisa-mbili-saba-nne.

Tak.

Kufuli likaachia.

Mzee aliangalia zile namba: Abbasi, kisha yeye mwenyewe, kisha kaka wa Ujiji, kisha dada wa Tabora.

"Walivyozaliwa," Kuruthumu akasema taratibu. "Baba, namba umezipanga mlivyozaliwa."

Leseni ilikuwa juu kabisa. Mzee hakuigusa. Alichukua barua iliyokuwa chini yake, akampa binti asome, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa maji. Ilitoka Pangani, ya mwaka jana. Abbasi anasema amepata mtoto wa tisa, wa kiume, na amempa jina la Hilali. Anauliza kama mdogo wake amekasirika.

Sasa mzee akakumbuka. Siku barua ilipofika ndiyo siku aliyobadilisha namba. Alilia, akapanga upya, akaifungia barua ndani chini ya leseni, kesho yake hasira ikarudi, na hakujibu. Tangu hapo akajisahaulisha.

Akaagiza kalamu na karatasi. Hata majirani walikuwa wanafuta macho.

Mimi nilisubiri kidogo kwa heshima, kisha nikakohoa, nikauliza kuhusu ile nafasi ya ukarani.

Jumatatu, 10 Juni

Afisa biashara amekuja, ameiona leseni, amekunywa chai, ameondoka. Duka la Kibondo litafunguliwa.

Karani ni Reverien! Kuruthumu alipewa nafasi, akaikataa kwa kuwa ana darasa lake. Akamtaja fundi. Mzee akasema mtu aliyekiri wakati uongo ulikuwa umeandaliwa tayari mbele yake, huyo anaweza kuachiwa duka. Alinitazama mimi aliposema "uongo". Kuhusu mahesabu, Kuruthumu atamfundisha wiki mbili kabla hajaondoka. Jioni niliwaona barazani na sinia la maharage. Alishapata ishirini na nne peke yake, tena alikuwa anamuuliza punje zikiwa tano itakuwaje, swali ambalo mimi silielewi.

Niliitwa kusaidia. Kupakia magunia kwenye lori la Kibondo.

Reverien amenishika mkono. Amesema hanichukii, na nikifika Kibondo nisipite bila kumsalimu. Kuchukiwa kungekuwa nafuu.

Jumatano, 12 Juni

Mambo yamegeuka! Habari za sanduku zimesambaa mpaka Titye, na huko zimefika zikiwa zimenyooka vizuri: inasemekana kufuli la Mzee Hilali lilifunguliwa kwenye baraza ambako Bazilio alikuwa anaimba. Hakuna neno la uongo humo.

Leo mchana Mzee Pasikali wa Titye amekuja na punda wake mpaka kwa shangazi. Anamwoza binti yake Jumamosi, na vyombo vyote vya harusi, mashuka, na nguo ya bibi harusi vimo ndani ya kasha lenye kufuli la namba alilonunua Kigoma. Karatasi ya namba imeliwa na mbuzi. Anazikumbuka zote, hazijirudii, lakini hajui zinafuatana vipi. Alikuwa karibu kulia. Ameniuliza kama nitaweza na itachukua siku ngapi, kwa sababu lake lina pete tano, si nne.

Shangazi Esteri alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikausogeza mguu.

Nikamwambia atulie. Nimejifunza kazi hii kwa mwalimu. Namba nne ni ishirini na nne. Ukiongeza moja, ni ishirini na tano. Nitafika Titye Jumamosi yenyewe asubuhi, na kabla maharusi hawajatoka kanisani nitakuwa nimemaliza.