Kijino cha Mbele

Jumanne, 8 Julai

Bastola imefika! Kibali ninacho, muhuri upo, na kuanzia leo mimi Sebastian, muuza vipuri vya pikipiki wa Chapwa, ni mtu wa kuogopwa. Nimepita mbele ya kinyozi mara tatu, koti nimeliachia wazi kidogo. Hakuna aliyeuliza chochote. Watu wa Tunduma wana roho ngumu!

Mke wangu Enesi ameuliza chuma hicho ni cha nini, ikiwa panya wa dukani tu wamenishinda. Nikamweleza taratibu, kama mtu anayeeleza mtoto. Baba yake, Mzee Yonathani wa kijiji cha Ruanda, mtoto wa jicho amemzidi na anakwenda Mbeya kufanyiwa upasuaji. Kahawa imejaa ghalani, na wezi wa kahawa hawalali. Mzee atamwachia mkwe mmoja funguo za ghala. Wakwe tuko wawili tu: mimi, na mwanyumba wangu Edson, aliyemwoa Ferista, mdogo wake Enesi. Edson ana filimbi na mbwa. Sasa hapo pana ushindani?

Niseme ukweli, si kahawa inayoniuma. Ni firigisi. Kila kuku akichinjwa kwa Mzee, firigisi anawekewa Edson. Mimi, mkwe mkubwa, niliyetangulia kuoa pale, napewa shingo. Shingo! Miaka yote natafuna mifupa huku nikitabasamu. Mwenye funguo za ghala hawezi kupewa shingo.

Jumatano, 9 Julai

Leo nimefanya mazoezi ya kulenga kopo la rangi juu ya ukuta. Bila risasi. Enesi amezihesabu risasi mwenyewe na kuzifungia kabatini, halafu akasimama mlangoni amekunja mikono.

Tatizo nimeligundua. Vile vijino vya kulengea, viwili nyuma na kimoja mbele, vyote ni vyeusi na vidogo kama punje za mtama. Nikiona cha mbele, vya nyuma vinapotea. Nikiviona vya nyuma, kopo linapotea. Enesi akasema labda nami nina mtoto wa jicho, twende Mbeya familia nzima. Nikalenga tena.

Na Jumatano ijayo ndiyo siku yenyewe! Sisi wenye silaha mpya tutapiga shabaha huko Vwawa mbele ya Afande Shani. Nimempigia simu Mzee, nikamkaribisha. Akasema atakuja, maana kuona haoni vizuri lakini kusikia anasikia. Edson ndiye atakayemleta. Safi kabisa. Ashuhudie na yeye.

Alhamisi, 10 Julai

Nimevuka mpaka hadi Nakonde, Zambia. Upande ule hakuna kitu kinachokosekana. Kijana mmoja, muuza redio na vikorokoro, alinitolea kioo kidogo cha ajabu, ukichungulia ndani unaona nukta nyekundu. Unaweka nukta juu ya kitu, unafyatua, kwisha habari. Akaniapia kwa Kibemba chake kwamba ni chisuma saana, yaani kizuri mno. Nikamuuliza kinafungwaje. Akasema boss, wewe ni mtu wa vipuri, utanifundisha mimi? Kijana ana heshima sana. Nimenunua hapo hapo.

Jumamosi, 12 Julai

Kioo na bastola havijuani kabisa. Mashimo ya huku hayaonani na mashimo ya kule. Nilikwenda kwa Rabson, fundi wa kuchomelea. Akaniambia yeye hata chesisi ya lori anaiunga, lakini chuma chenye kibali hakigusi, nikipeleke kwa mwenye duka la silaha mwenye leseni ya kazi hiyo. Mwoga! Alivyo mkubwa vile!

Basi nikafanya mwenyewe. Dukani kwangu hakuna kitu kisichofungwa kwa mpira wa tyubu. Betri, taa, siti, hata mlango wa choo. Nikakata vipande vya tyubu, nikazungusha, nikakaza kwa meno. Kioo kikatulia tuli.

Ila kile kijino cha mbele kikawa kinaziba nukta yangu nyekundu. Kinasimama katikati kama mtu mrefu kanisani. Nikaibana bastola kwenye jiliwa, nikachukua tupa. Sasa mbele ni laini kabisa, unapitisha kidole. Kile kijino kilichobaki nimekitia kwenye kopo la nati. Mimi situpi vitu.

Enesi akauliza: je, hicho kioo kikitoka, utalenga na nini? Nikamwambia mama Goodness, hakitoki. Wanawake wana maswali!

Jumatatu, 14 Julai

Tumekwenda Ruanda kumjulia hali Mzee. Baridi ya kukata masikio. Nikamsimulia habari za nukta nyekundu, akatikisa kichwa muda mrefu, nikajua imemwingia. Edson alikuja na yule mbwa wake anayeitwa Jirani. Akapuliza filimbi, Jirani akazunguka ghala mbio, akarudi, akakaa. Nami nikapiga makofi kwa dharau. Mzee akapiga kwa dhati.

Kuku akaletwa. Shingo.

Cheka tu, Edson. Keshokutwa si mbali.

Jumatano, 16 Julai

Ee Mungu wangu.

Asubuhi ilianza vizuri. Uwanja uko nje ya Vwawa, mbele kuna tuta kubwa la udongo. Mzee akawekewa kiti nyuma kabisa, blanketi begani, Edson na Enesi pembeni yake. Mbao za shabaha zilikuwa zimepangwa safu. Kulia kwangu alisimama Mabula, mfugaji wa kutoka Momba, ambaye naye ilikuwa mara yake ya kwanza. Bastola aliishika kama anashika nyoka. Nilimhurumia sana.

Nikafunua bastola. Afande Shani akaja akainama, akatazama ile mipira ya tyubu. Akauliza ni kitu gani. Nikasema, Afande, ni teknolojia. Akasema teknolojia ivuliwe sasa hivi, nipige kama silaha ilivyosajiliwa.

Hapo ndipo swali la Enesi liliponijia. Lakini ningesemaje mbele ya mkwe? Niseme kijino kipo Chapwa kwenye kopo la nati? Nikafungua mipira taratibu, nikaficha ncha kwa kiganja, nikajipa moyo. Nikalenga kwa imani. Nilizimaliza risasi zangu zote. Sauti ilikuwa nzuri sana, hilo lazima lisemwe.

Tukaenda kuangalia. Ubao wangu mweupe kama shuka la harusi. Ubao wa Mabula una matundu kumi na mawili. Na Mabula alikuwa amepewa risasi kumi!

Mabula akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa sauti. Alisema kwao hawataamini. Afande Shani hakupiga magoti. Alinyoosha mkono, akaipokea bastola yangu, akapitisha kidole pale mbele palipo laini. Akauliza kijino kiko wapi. Nikamwambia. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na Edson, mwanyumba wangu wa damu kabisa, alikuwa wa kwanza kukaa.

Bastola imebaki kwa Afande. Nimetakiwa nijieleze kwa nini nimechezea silaha iliyosajiliwa, na kibali chenyewe sasa kina mashaka.

Mzee aliniita. Akanishika bega kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Akasema, mkwe, hata mimi na mtoto wa jicho wangu ningepata moja. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za ghala, akampa Edson. Hapo hapo. Mbele ya Mabula!

 Njiani nilihisi kulia, nikasingizia vumbi. Enesi akanipa kitenge chake nipanguse, hakunitania hata kidogo. Mambo yamefika pabaya.

Jumapili, 20 Julai

Mzee amerudi kutoka Mbeya, jicho moja linaona vizuri. Kahawa haijapungua hata punje. Kuku akachinjwa kwa shukrani. Kwa jicho lake jipya Mzee alichagua firigisi mwenyewe, akamwekea Edson. Mimi nilipata shingo, na nyongeza ya mguu. Jirani alipata bawa. Mbwa!

Lakini nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa nini hasa? Bastola. Bastola ina vibali, ina mihuri, ina akina Afande Shani. Kioo hakikuwa na kosa lolote, hata nafasi ya kujionyesha hakikupewa. Nimekitoa sandukuni, nukta bado nyekundu, inang'aa.

Na mipira ya tyubu ipo, mizuri, haijakatika. Jioni nimechonga panda la mpera na kutengeneza manati ya nguvu. Manati haina kibali! Nimefunga kioo katikati, kimekaa kama kimezaliwa hapo. Siku Jirani atakaposinzia, Mzee atajua mkwe wa kweli ni nani.

Kasoro ni moja tu. Tawi la kushoto la manati linaziba nukta. Enesi amesema nisithubutu, lakini tupa iko wapi? Nalikata kesho asubuhi.