Vita vya Kazimir Pilarski na Ada ya Salio Pungufu

Nyamazeni, enyi wenye akaunti, na ninyi mfichao akiba zenu chini ya godoro. Sogezeni viti, tueni vikombe, anayekohoa na amalize kukohoa. Kwa kuwa nitakayoyasimulia si habari za wafalme waliochoma miji ya watu, bali ni habari za jemadari mmoja aliyetoka nyumbani kwake asubuhi ya barafu akaenda kupigana na benki, peke yake, kichwani amevaa kofia ya sufu yenye masikio.

Jina lake Kazimir Pilarski, nasi wa upande wa mashariki wa Erie, mji wa kando ya ziwa huku Marekani, twamwita Kaz. Kaz Mabega ya Chuma, mwana wa Tadeusz, mume wa Bernice. Fundi aliyechomelea vichwa vya treni tangu ndevu zake zikiwa laini hata zikawa nyeupe. Mwangushaji wa vigingi ambaye, akilinyanyua lile tufe zito siku ya Jumatano katika ukumbi wa bolingi, watu upande wa pili wa ukumbi huacha kutafuna. Alikuwa hodari wa mambo yote ila moja. Kaz hakujua kuomba. Hakuomba nyundo kwa jirani, hakuuliza njia alipopotea, na chumvi ikiwa mbali mezani aliinuka, akaizunguka meza nzima, akaichukua mwenyewe.

"Babu yangu alivuka bahari na begi moja," alikuwa akisema, "na hakumwomba mtu hata maji."

"Ndiyo maana alifika na kiu," Bernice humjibu.

Sasa sikilizeni chanzo cha vita. Ilikuwa wiki ile ya kabla ya Kwaresima, ambapo upande wetu wa mji hauli kitu ila pączki, yale maandazi manono yenye jemu tumboni. Kaz alikuwa amemuuzia mpwa wake Roman mashine ya kusukuma theluji, akalipwa kwa hundi ya dola mia mbili, akaipeleka benki Jumatatu, akarudi nyumbani akijihesabu tajiri. Hakujua kwamba hundi ni kama kuku aliyenunuliwa sokoni: umemlipia, ni wako, lakini ukimfungulia kabla hajazoea banda humwoni tena. Benki iliipokea hundi ya Roman, ikatabasamu, kisha ikaiweka kando mpaka iridhike kwamba ni ya kweli.

Na ndani ya siku hizo za kuridhika mikuki mitatu iliipiga akaunti ya Kaz. Kampuni ya gesi ilijikatia gharama za kuipasha nyumba joto, tena za mwezi ule ambao ziwa liliganda mpaka watu wakaegesha magari juu yake. Kadi ya Kaz mwenyewe ilinunua kahawa na pączki mbili. Na hundi ya dola arobaini, aliyoiandikia ligi ya bolingi, ilibisha hodi benki ikitaka kulipwa.

Masharti ya akaunti, ambayo Kaz alikuwa ameyatia sahihi bila kuyasoma, kama tufanyavyo sote, yalisema hivi: mwenye akaunti akitumia zaidi ya salio lake, benki yaweza kumlipia, nayo itatoza ada, au yaweza kukataa na kuirudisha hundi, nayo itatoza ada. Ikilipa, dola thelathini na nne. Isipolipa, dola thelathini na nne. Mlango ukifunguliwa unalipa, na ukifungwa usoni pako unalipa vilevile.

Benki ikailipa gesi, ikatoza. Ikalipa kahawa na pączki, ikatoza. Ilipofika kwenye hundi ya ligi huruma yake ikaisha. Ikaikataa, na kwa kazi hiyo ya kukataa ikatoza tena.

Jumatano jioni Kaz akaingia ukumbini na tufe lake mkononi, na watu wakamwachia njia kwa namna asiyoizoea. Ukutani, juu ya dirisha la kukodi viatu vya kuchezea, lilikuwa limebandikwa jina lake. Chini ya jina maneno mawili: HUNDI IMERUDI.

Aliyelibandika alikuwa Leonard Sobczak, mweka hazina wa ligi, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akishindwa na Kaz katika kila mchezo isipokuwa hesabu.

"Leonard," Kaz akasema polepole, "lile ni jina la baba yangu."

"Ni jina lako pia, bwana. Na kanuni ni kanuni. Hundi imerudi, na benki ya ligi nayo imetukata dola kumi na mbili kwa kuipokea. Ukileta arobaini na kumi na mbili, taslimu, nalibandua. Usipoleta, Jumatano ijayo huchezi."

Na Jumatano ijayo, enyi wasikilizaji, ndiyo iliyokuwa fainali dhidi ya wazima moto.

Kaz akarudi nyumbani amebeba tufe lake kama mtu aliyebeba kichwa cha rafiki. Bernice alikuwa jikoni akikaanga vitunguu. Akasikiliza habari yote, akazima jiko, akachukua penseli. Hundi ya Roman ikikubaliwa, akasema, na madeni na ada zote zikikatwa, katika akaunti zitabaki dola ishirini na moja. Na malipo ya uzeeni hayaingii mpaka mwezi mpya.

"Basi mwombe Leonard akusubiri."

Kaz akamtazama kana kwamba amemwambia atembee uchi barabarani.

"Au uwaombe benki wakurudishie ada moja. Moja tu. Ishirini na moja ukiongeza thelathini na nne, umelipa na chenji unayo." Akavuta kile kijitabu cha masharti kutoka droo ya vijiko, akavaa miwani, akapitisha kidole. "Hapa, ukurasa wa mwisho. Benki, kwa hiari yake, yaweza kusamehe ada endapo mteja ataomba. Umesikia? Ataomba."

"Mimi siombi haki yangu. Nitaidai."

"Haya, baba. Kadai."

Basi siku iliyofuata jemadari alikesha mchana, kama tusemavyo sisi kwa mtu anayekodoa macho mchana kutwa, akiyazingira masharti yale kwa kioo cha kukuzia. Akayapiga mstari, akayatia alama, akatunga hotuba, akaijaribu mbele ya friji. Ukurasa wa mwisho aliupita haraka, kama upitavyo mbele ya nyumba ya mtu mliyekosana.

Ijumaa kulipopambazuka upepo ulikuwa ukitoka ziwani umebeba sindano. Kaz akavaa buti, akavaa kofia, Bernice akamfunga skafu shingoni kwa mikono yake, naye akatoka. Alivuka uwanja wa kanisa ambako wanaume walikuwa wakikoroga unga wa kukaangia samaki wa Ijumaa, wakamwita, hakugeuka. Akateleza penye kona, akaushika mlingoti wa taa, akapambana nao kidogo, akaushinda. Hata akafika mbele ya ile milango ya vioo, ambayo hujifungua yenyewe bila kuuliza unakuja kwa heri au kwa shari.

Meneja wa tawi alikuwa Janelle Whitcomb, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole na sweta ya kijani, aliyezaliwa mitaa michache tu kutoka pale. Akamkaribisha kiti. Kaz akakikataa kiti. Akavua kofia, akasimama mbele ya meza, nayo sauti iliyozoea kushindana na mashine za kiwandani ikajaa benki nzima.

"Mama, mimi ni Kazimir Pilarski. Nimechomelea vichwa vya treni vilivyovuta makaa, ngano na magari ya nchi hii kutoka bahari mpaka bahari, na hakuna hata kimoja kilichoachia mshono. Fedha zangu nimeziweka humu tangu jengo hili lilipokuwa duka la viatu vya watoto. Leo nauliza, mbele ya hawa waliopanga foleni: nchi gani hii ambapo andazi linakuwa dola thelathini na nne juu ya bei yake? Mtu hana pesa, nanyi mnamtoza kwa kutokuwa nazo. Ni sawa na kumtoza mwenye njaa kwa sauti ya tumbo lake."

Kwenye foleni mtu mmoja akasema, "Kweli kabisa," kisha akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Janelle Whitcomb hakukasirika. Aliangalia kompyuta yake, akakunja mikono mezani, akajibu kama mtu aondoaye vyombo baada ya kula.

"Mzee Pilarski, nakuelewa. Lakini tuyaangalie pamoja. Hundi ya mpwa wako, ulipewa karatasi inayosema fedha zitapatikana Ijumaa. Leo. Na zimeingia leo. Hiyo ya gesi tuliilipa ili usizimiwe moto kwenye baridi hii. Hii ya kahawa, ulipofungua akaunti uliulizwa: kadi ikikosa salio, tukulipie kwa ada, au tuikatae bure? Ukaweka alama kwenye tukulipie."

"Sikumbuki."

"Alama ni yako. Umeikandamiza mpaka karatasi imetoboka."

Ndivyo alivyoandika Kaz kila kitu, na foleni nzima ilijua hivyo. Akaurusha mshale wa pili, kwamba maandishi ni madogo. Akaambiwa kuna nakala ya maandishi makubwa, akapewa. Akaurusha wa tatu, kwamba atahamisha fedha zake zote. Meneja akaangalia tena kompyuta, akaona ni ngapi, na kwa adabu akaigeuza skrini pembeni. Hapo jemadari akagundua kwamba podo lake ni tupu.

"Kuna jambo lingine, mzee?" akauliza Janelle.

Lilikuwapo. Neno moja tu. Kaz akalitafuna, akalimeza, likarudi. Akasema, "Hapana. Siku njema," akavaa kofia yake, akageuka, na ile milango ya vioo, kwa heshima zote, ikamfungukia atoke ameshindwa.

Hapo mlangoni akasimama. Mgongo wake ukiwa kwenye joto na uso kwenye upepo, akaona kwa macho ya moyo jina la Tadeusz limebandikwa juu ya viatu vya kukodi, vile vyenye jasho la wageni. Akawaona wazima moto wakicheka. Akamwona pia Bernice, mwenye penseli, ambaye katika maisha yao yote alikuwa amemwombea yeye kila kitu: kazi alipokosa, radhi alipokosea, hata ndoa yenyewe, kwa maana ukweli ni kwamba Bernice ndiye aliyemposa. Milango ilijaribu kujifunga, ikamkuta, ikafunguka tena, ikajaribu, ikafunguka.

"Mzee, unaingia au unatoka?" akauliza yule mtu wa foleni. "Baridi inatumaliza humu."

Kaz akaingia. Wanahistoria na waiandike hatua ile, kwa kuwa wako waliovuka majangwa kwa moyo mwepesi kuliko yeye alivyovuka lile zulia la kijivu. Akafika mbele ya meza. Safari hii akakaa kwenye kiti. Kofia akaiminya kwa mikono yote miwili mpaka masikio yake yakakutana.

"Mama," akasema, na sauti yake ikawa ndogo hata foleni ikainamisha vichwa ili isikie. "Naomba unirudishie moja. Ile ya hundi."

Kisha akanyamaza. Na kule kunyamaza kulikuwa kukubwa.

Janelle Whitcomb akabonyeza kitufe. Akabonyeza kingine. "Imerudi," akasema. "Naruhusiwa kusamehe moja kwa mwaka. Na hii alama ya kadi, niifute, ili siku nyingine wakukatalie tu andazi bure?"

"Ifute," akasema Kaz. Halafu, kwa kuwa aliyevunja ukuta huona aibu gani kuvunja dirisha, akaongeza, "Naomba."

Jumatano ilipofika alizihesabu noti mbele ya watu wote, akampa Leonard arobaini na kumi na mbili, naye Leonard akalibandua jina, akaipangusa gundi ukutani kwa kidole. Mchezo ukachezwa. Tulishindwa na wazima moto, na katika habari hizi hilo si jambo la kutukalisha hapa usiku kucha.

Lakini walipokuwa wakivaa makoti, Leonard Sobczak, mwenye kalamu mbili, mtunza hesabu za wengine, alimsogelea Kaz na kujifanya anatafuta glavu.

"Kaz. Ulimwambiaje, hasa?"

"Nani?"

"Yule mama wa benki. Mji mzima unasema alikurudishia. Mimi wamenikata mara nne tangu Krismasi. Mke wangu hajui."

Kaz akamtazama adui wake. Lilikuwa neno rahisi la kumcheka, na vinywa vya kulicheka vilikuwa vimejaa ukumbi mzima. Badala yake akamshika bega, akamvuta pembeni, penye kelele za matufe yanayorudi.

"Unakaa kwenye kiti. Usisimame, mimi nilisimama, ni kosa. Unasema, naomba unirudishie moja. Halafu unanyamaza."

"Basi?"

"Basi. Kunyamaza ndiko kugumu. Jaribu."

"Naomba," akasema Leonard, akaangalia viatu vyake.

"Paza sauti kidogo, ndugu yangu. Hata mimi sijasikia."

Leonard akavuta pumzi, akasema tena. Ndivyo walivyosimama wazee wawili kati ya makoti, mmoja akifundisha na mwingine akirudia, mpaka mlinzi alipoanza kuzima taa. Na itajwe kwa wajao baada yetu, watakapouliza ni nini kilichotukia Erie mwaka ule wa barafu nene: Kazimir Pilarski aliomba, akapewa, na kabla ya Kwaresima kwisha upande mzima wa mashariki ulikuwa unajua kuomba.