Timu Bila Mrisho

Jumatatu, 6 Agosti 1934
Jana tulishinda mawili bila. Huzuni tupu! Kariakoo nzima inaimba Mrisho, Mrisho. Kafunga yote mawili, sawa. Lakini mwalimu wa timu yetu ya mpira, Mwangaza, ni nani? Mimi, Ubeid! Nani kashinda wiki nzima akipanga kokwa za tende juu ya meza ya duka langu, kuwaonyesha wachezaji pa kusimama? Hakuna aliyeuliza. Nimemlalamikia mke wangu, Tatu. Akajibu kwamba Mrisho ni mdogo wake, na tangu utotoni alikuwa akiwapiga chenga kuku uani. Eti hakufundishwa na mtu. Nimeshindwa kula.

Jumatano, 8 Agosti
Nimekutana sokoni na Sadalla, mwalimu wa timu ya Magomeni. Tunacheza nao Jumamosi. Mazoezini huyu hukaa tu akinywa kahawa. Nikamuuliza anawafundisha nini. Akasema anawapa mpira, basi. Nikamwambia timu ni mwalimu, mchezaji yeyote akielekezwa atashinda. Akacheka mpaka akapaliwa. Mbele ya wauza samaki! Nitamwonyesha. Jumamosi Mrisho hachezi. Tukishinda bila yeye, ubishi umekwisha.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimemwambia Mrisho baada ya sala. Nilidhani atafoka. Aliuliza taratibu tu:
"Shemeji, nimekukosea nini?"
"Hujanikosea. Ni mpango."
"Mpango wa kufungwa?"
Ulimi huo! Akavaa viatu, akaenda zake. Nafasi yake nimempa Azzan, muuza halua. Kijana msikivu. Ukimweka mahali, hasogei.
Tatu amesikia habari za mdogo wake. Sahani imewekwa mbele yangu kwa kishindo, mchuzi ukaruka hadi kwenye kanzu.

Jumamosi, 11 Agosti
Sita bila. Sisi ndio bila.
Azzan alisimama pale pale nilipomweka. Mpira ukampita. Magomeni wakampita. Mbuzi akampita! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sadalla alikuwa amelala chini ya mwavuli. Amelala! Bao la nne ndilo lililomwamsha.
Mrisho alikaa kwa watazamaji. Nilimwona akipangusa macho. Sikujua nitazame wapi, nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa makubadhi, wala hayana kamba.

Jumapili, 12 Agosti
Wachezaji wamenitoa ualimu. Wamekutana kwenye baraza yangu mwenyewe, wakinywa kahawa yangu! Nikauliza mwalimu mpya ni nani. Hakuna, wakasema. Mrisho atakuwa nahodha, watajichezea wenyewe. Watajichezea, kama watoto wanaocheza chandimu mtaani!
Aliyenitetea ni mmoja tu: Mrisho. Akasema shemeji yake anaipenda timu kuliko wao wote, ila anaipenda vibaya. Hiyo imeniuma kuliko mabao sita. Nikamimina kahawa bila kutazama, nikamwagia Azzan mapajani. Hapo ndipo aliposogea.

Jumapili, 19 Agosti
Niliapa siendi uwanjani. Nimekwenda. Nimechungulia nyuma ya mkokoteni wa miwa. Mwangaza wamefunga matano, bila mwalimu, bila mpango, kila mtu akikimbia anakotaka. Mrisho akapita watu wanne kama wamepigiliwa misumari. Nilijikuta napiga makofi na kulia kwa pamoja. Muuza miwa akaniuliza nimefiwa na nani. Nimerudi nyumbani kwa kupita vichochoro.

Jumanne, 21 Agosti
Nimelala siku nzima, uso ukutani. Maisha yangu ya ualimu yamekwisha.
Jioni nikasikia akina mama uani. Kundi la Tatu la ngoma ya lelemama litashindana na wenzao wa mtaa wa Gerezani mwezi ujao. Wana Kuruthumu, ambaye akiimba hata wachukuzi hutua mizigo wasikilize. Nikaketi. Kundi lina kipaji namna hiyo, na halina mwalimu!
Nimetoka hadi uani kwa heshima zote, nikawaambia wasihangaike tena, nipo. Na tunaanza kesho, kwa jambo moja tu.
Kuruthumu anyamaze.