Diski Namba Tatu na Itifaki ya Kuzima

Wananchi wa Songea na vitongoji vyake waliarifiwa, kwa tangazo lenye mihuri miwili, kwamba kuanzia mwezi huo hakuna diski ya serikali itakayoruhusiwa kukwama bila kibali. Lidwina Komba, mwendeshaji wa mtambo katika Kitengo cha Kumbukumbu za Watumishi, alilisoma akaguna. Diski namba tatu ilikuwa imekwama tangu saa mbili asubuhi, na haikuwa imeliona tangazo.

Siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Soko huria limeingia, watumishi wanapunguzwa, na saa sita kamili mtambo ungechapa orodha ya wanaobaki. Asiyemo, kwaheri ya kuonana. Jina la Lidwina lilikuwa ndani ya namba tatu, pamoja na madereva na Mzee Makarius wa masjala. Mama yake alikuwa amelazwa Peramiho, na shamba la kukimbilia hakuwa nalo. Aliogopa, tena sana.

Dawa aliijua. Kabati la mtambo lilikuwa na diski nne kwenye waya mmoja. Diski ikigoma, unairudia amri. Ikigoma tena, unaifuta amri. Ikizidi ukaidi, unaizima hiyo moja na kuiwasha. Waya mzima unauzima mwisho kabisa, ukishashindwa. Mlevi aliyelala humwamshi kwa kuchoma nyumba.

Akaenda kwa Bwana Polikarp, Mkuu wa Kitengo, aliyewahi kusoma kozi ya wiki sita Ulaya na hajaacha kuirudia mpaka leo.

"Shikamoo, Mkuu. Naomba kibali nizime diski namba tatu. Dakika moja tu."

"Marahaba. Umepitia kwa namba mbili, mkubwa wake?"

"Mkuu, diski haina bosi."

"Ndiyo maana imekwama."

Kamati ya Dharura ya Kuzima na Kuwasha ikaketi saa nzima, na vitumbua juu. Ikaazimia kwamba kuanza na mdogo kabla ya mkubwa ni utovu wa nidhamu. Lizimwe kabati zima, kuanzia juu.

"Hee, Mkuu, subiri!" Lidwina alisahau hata kuinama. "Namba moja inaandika sasa hivi. Asubuhi uliagiza jina lako lifutwe, liandikwe upya na cheo kile kirefu. La zamani limeshatoka, jipya liko njiani. Ukizima waya, vyote vilivyoko njiani vinatupwa!"

"Wakubwa hawatupwi, binti. Wakubwa wanasubiriwa."

Akabonyeza mwenyewe. Kamati ikapiga makofi.

Kabati likanyamaza, likakohoa, likaamka. Namba tatu nayo ikaamka, buheri wa afya. Madereva wakatokea kwenye skrini, Makarius akatokea, na Lidwina alipoliona jina lake machozi yakamlenga. Saa sita orodha ikachapwa. Alikosekana mtu mmoja tu. Penye Mkuu wa Kitengo paliandikwa: nafasi wazi.

"Niandike hapo kwa kalamu, haraka!" Polikarp alihema.

"Waraka wako unakataza kalamu, Mkuu. Ila kuna fomu ya malalamiko."

Akaijaza kurasa zote tatu, jasho likimtiririka. Mwishoni ilitaka saini na muhuri wa Mkuu wa Kitengo. Akanyoosha mkono kuuchukua muhuri, Mzee Makarius akausogeza mbali taratibu.

"Samahani, mwanangu. Huu ni wa watumishi. Wewe msubiri Mkuu."

"Mzee, Mkuu si ndiyo mimi!"

"Una karatasi inayosema hivyo?"

Hakuwa nayo. Alikuwa na karatasi inayosema vingine, aliyojiletea kwa kidole chake mwenyewe. Akaketi kwenye benchi la wageni, kati ya mama mwenye kuku na mwalimu kutoka Nalasi aliyefika tangu Jumatatu. Mwalimu akasogea kumpisha, akampa pole.

Ilipofika saa tisa Polikarp alisimama, akakunja mikono kifuani, akauliza kwa adabu kama Mkuu amesharudi.

"Bado," Lidwina akamjibu bila kuinua macho. "Yuko kikaoni."