Kochaku ya Mababu Wawili

Kwa Mwalimu Shaikha,
Darasa la Kijapani, Ibra.

Bi Mwalimu, baada ya salamu na taadhima,

Mimi ni babu yake Tufool, mwanafunzi wako. Nalalamikia neno moja la Kijapani, kochaku, ambalo nasikia ni la waliobobea. Eti ni hali ya pande mbili zilizokwama, hakuna anayekwenda mbele wala anayerudi nyuma. Uliwataka walitungie sentensi. Mjukuu wangu akaandika: "Ndoa yangu imo katika kochaku kwa sababu ya babu zetu wawili." Ukampa alama zote.

1. Umemlipa alama kwa kuanika mambo ya nyumbani. Babu wa pili ni ndugu yangu Khalaf wa Al Qabil, babu yake Yazan, bwana harusi. Tulizaliwa Unguja mwezi mmoja, baba mmoja, mama mbalimbali. Tuliporudi Oman, karani alituandika sote tarehe mosi Januari, na karatasi ya serikali haibishiwi. Basi haijulikani nani mkubwa, wala nani amwamkie mwenziwe shikamoo. Miaka hamsini tunapishana matangani tukitazama viatu. Huo ni msimamo, Mwalimu, si kukwama.

2. Alhamisi iliyopita shekhe alikuja kufungisha ndoa. Mimi nilikaa garini nje ya majlisi nikingoja Khalaf ashuke aniamkie. Naye alikaa garini mwake akiningoja mimi. Shekhe alikula halua, akamaliza kahawa, akaenda zake. Tufool alilia, na kilio chake kiliniuma sana. Lakini heshima ni heshima.

3. Nasikia Wajapani huinamiana, na wakiinama pamoja hakuna anayemwona aliyeanza. Watu waliojirahisishia hivyo wana haki gani ya kututungia sisi neno?

4. Kwa hiyo naomba alama zifutwe na neno liondolewe kwenye kamusi. Ikishindikana, Japani itoe cheti kwamba mkubwa ni mimi.

Wasalimie wanafunzi wote, na wazee wako wa Al Hamra. Msalimie na Tufool. Tunakaa nyumba moja, lakini hasemi nami.

Ni mimi, nisiyeyumba,
Harub

Nyongeza: Msahafu wa marehemu baba umo kabatini mwangu. Ukurasa wa mwanzo kaandika kwa mkono wake siku tulizozaliwa. Khalaf kanitangulia kwa siku tisa. Kila Ramadhani nausoma ukurasa huo, kisha naufunika. Shekhe anarudi Alhamisi hii. Tafadhali mfundishe Tufool kuinama kwa Kijapani, naye aje anifundishe mimi, maana shikamoo ya miaka hamsini imenikwama kooni.